Taa ya Kuoteshea Miche: Tununue Mwanga, Tusinunue Rangi

Katika miji yetu, na hasa Dar es Salaam, kipande cha ardhi cha kupanda japo shina moja la mrehani kimekuwa kitu adimu. Familia nyingi za wafanyakazi huishi katika ghorofa, au katika vyumba vya kupanga ambavyo ua wake ni wa wapangaji wote pamoja na kuku wao. Hata hivyo, hamu ya kuchuma kotimiri mbichi hapo hapo jikoni, au ya kuotesha miche ya nyanya ya kwenda kupanda shambani Chanika au Kibaha siku ya mapumziko, haijatutoka. Ndiyo sababu taa za umeme za kuoteshea mimea, ambazo zamani zilikuwa vitu vya maabara na vya wakulima wakubwa wa nchi za baridi, sasa zinaulizwa madukani na watu wa kawaida kabisa.

Swali linaloulizwa na wengi ni kama taa hizo zina faida yoyote kwa mtu anayeishi kwa mshahara. Ni swali la haki, kwa kuwa linagusa mfuko mara mbili: mara ya kwanza siku ya kununua taa, na mara ya pili kila siku umeme unapoliwa. Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mtu mwenye dirisha zuri hahitaji taa. Mtu asiye na dirisha zuri anahitaji globu nyeupe za LED, zile zile tunazozitumia sebuleni, ziwekwe karibu na mche na kuwashwa kwa saa za kutosha. Yaliyobaki ni kufafanua jinsi ya kuzichagua bila ya kuhadaiwa.

Kwanza tulitazame dirisha

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ndugu msomaji, lipime dirisha lako. Weka karatasi nyeupe mahali unapokusudia kuweka miche, wakati wa adhuhuri, kisha nyosha mkono wako juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli cha mkono kikionekana dhahiri, vidole vyote vikihesabika, mwanga hapo ni mzuri. Kivuli kikiwa hafifu, chenye kingo zisizotambulika, mnanaa waweza kuvumilia, lakini nyanya na mrehani hazitastawi. Na pasipoonekana kivuli kabisa, hapo hapafai mche wowote pasipo taa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba jua la Dar es Salaam halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Hivyo dirisha linalotazama kaskazini laweza kuwa shamba zuri mwezi Julai, na mwezi Desemba likawa kivuli kitupu. Mwenye madirisha ya pande mbili na ahamishe makopo yake kufuata majira. Atakuwa amepata taa ya bure.

Wanaobaki ni wale ambao dirisha lao linatazamana na ukuta wa jirani, kama ilivyo katika ghorofa nyingi za Kariakoo, na wale wa vyumba vya ndani vinavyopata mwanga wa ukumbini tu. Hao ndio tunaowaandikia zaidi leo.

Jicho letu hutudanganya

Mtu huingia ndani ya chumba chenye taa moja na kusema, "Mbona mwanga upo wa kutosha?" Upo wa kumtosha yeye. Jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe, likafumbua mboni gizani na kuifinya juani, hata tukaona sawa sawa mahali pote pawili. Jani halina hila hiyo. Mwanga ndio nguvu ambayo jani hutumia kuunganisha maji na hewa ya ukaa likajitengenezea chakula. Ukipungua, chakula hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la mchana mweupe hufikia luksi 100,000. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500 hivi. Kwa macho yetu tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mche ni kama tofauti ya sahani ya wali na punje moja ya wali. Mche ulioota katika mwanga hafifu hukimbilia kurefuka ukiutafuta mwanga: shina huwa jembamba na jeupe, majani hukaa mbali mbali, na mwishowe huanguka kwa uzito wake wenyewe. Wengi hudhani umekosa mbolea au maji, wakaumwagia zaidi, nao ukaoza mizizi. Ugonjwa wake ulikuwa njaa ya mwanga.

Mche wa nyanya, pilipili, biringanya au sukuma wiki hutosheka na luksi kama 10,000 hadi 15,000, ikiwa taa itawaka muda mrefu wa mchana. Kiasi hicho ni kidogo kuliko cha jua, na globu za kawaida zaweza kukifikia.

Tusome lumeni, tusisome wati tu

Juu ya kasha la globu huandikwa mambo mengi, lakini mawili ndiyo yenye maana kwetu. La kwanza ni wati, yaani umeme unaoliwa. La pili ni lumeni, yaani mwanga unaotolewa. Globu ya zamani ya waya unaowaka ilikula wati 60 kutoa lumeni 800 hivi, sehemu kubwa ya umeme huo ikipotea kwa joto. Globu ya LED hutoa mwanga huo huo kwa wati 9 tu. Maneno "sawa na wati 60" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha hulinganisha globu hiyo na ya zamani. Yasikufanye udhani kwamba umenunua wati 60.

Kanuni nyepesi ya kushika ni hii: kwa kila eneo la futi moja kwa futi moja, yaani sentimita 30 kwa 30, tafuta lumeni zipatazo 2,000. Globu mbili za wati 10 kila moja hukaribia kabisa kiasi hicho. Katika eneo hilo hukaa vikopo 25 vya miche, au makopo tisa ya majani ya kiungo. Mwenye sinia refu atafaidika zaidi kwa tyubu laiti za LED, kwa kuwa mwanga wake huenea sawa mwanzo hadi mwisho. Tyubu ya futi nne hula wati 18 au 20 hivi. Mbili zikipangwa sambamba hutosha sinia jembamba la urefu huo. Lakini kuifunga tyubu ya LED katika fremu ya zamani yenye stata ni kazi ya fundi wa umeme, maana si kila tyubu inakubali fremu ile bila ya kubadilishiwa nyaya.

Ukaribu ndio siri

Mwanga huchoka upesi njiani. Globu ikiinuliwa kutoka sentimita 20 juu ya mche hadi sentimita 40, mwanga unaoufikia mche waweza kupungua hadi karibu robo ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo taa iliyo darini haiwezi kuotesha miche iliyo mezani, hata iwe ya bei gani. Globu ya wati 10 na ining'inizwe sentimita 15 hadi 20 juu ya vichwa vya miche, na tyubu sentimita 10 hadi 15. Ifungwe kwa kamba au mnyororo wa kuinuliwa kila miche inaporefuka. Pitisha mkono mahali majani yalipo: ukihisi joto, inua kidogo.

Mwanga unaotawanyika pembeni nao usipotee. Kasha la karatasi ngumu lililofunikwa karatasi nyeupe kwa ndani, au kibao kilichopakwa chokaa, hurudisha mwanga kwenye majani. Kifaa kama hicho hakigharimu kitu, nacho hufanya kazi kama globu ya nyongeza. Acha matundu makubwa ya kupitisha hewa, na kasha lisiguse globu, kwa kuwa joto likifungiwa huifupishia globu maisha.

Habari ya taa za zambarau

Sasa tufike kwenye taa zinazouzwa kwa jina la taa za mimea, zenye mwanga wa zambarau kama wa ukumbi wa dansi. Asili yake ina ukweli ndani yake. Kijani cha jani hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na taa inayochanganya rangi hizo mbili huonekana zambarau. Wauzaji wakaongeza kwamba mwanga mweupe ni upotevu mtupu kwa mmea.

Hapo ndipo ukweli unapoishia. Mwaka 1972 mwanasayansi Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya mimea ya mazao 22, naye akaonyesha kwamba majani hutumia mwanga wa rangi zote tunazoziona, kijani kikiwamo, ingawa nyekundu ndiyo hufanya kazi zaidi. Aidha, globu nyeupe ya LED yenyewe imetokana na mwanga wa buluu. Taa ya LED yenye mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, lakini ile ya buluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, kwa juhudi za Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ndani ya globu zetu nyeupe kuna kitaa cha buluu kilichofunikwa tabaka la unga wa manjano, unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwa hiyo mmea hupata rangi zote katika globu ya sebuleni.

Ile nyeupe iliyoandikwa 6500K, ambayo imejaa madukani, ni nzuri sana kwa miche. Hufanya shina kuwa fupi na nene. Ile yenye umanjano, ya 2700K au 3000K, nayo yafaa ukiwa nayo nyumbani tayari. Tena mwanga mweupe una faida nyingine: unamwezesha mama au baba kuona jani lililoanza kupauka au wadudu walio chini yake. Katika mwanga wa zambarau kila jani huonekana jeusi, na ugonjwa hugunduliwa umekwisha kuenea.

Hatusemi kwamba kila taa ya mimea ni hadaa. Zipo zilizotengenezwa vizuri, na mwenye kuuza miche kwa biashara aweza kuzihitaji. Tunasema kwamba rangi pekee si sababu ya kulipa zaidi.

Mita itatoa ushahidi

Hadaa kubwa zaidi ipo katika wati. Taa iliyoandikwa "1000W" juu ya kasha mara nyingi hula wati 100 hivi tu. Ile elfu moja ni jina la biashara. Mnunuzi hulipa bei ya elfu na kupata mia. Dukani omba ujaribiwe taa, na usome kibandiko kidogo kilicho nyuma yake, si maandishi makubwa ya kasha. Dai stakabadhi yenye muda wa dhamana.

Ukifika nyumbani, mita yenyewe yaweza kukupa ukweli. Mita nyingi za umeme zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka umeme unapopita, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, mathalani 1000. Zima kila kitu nyumbani, friji ikiwamo, uache taa ya mimea peke yake, kisha hesabu mimweko kwa dakika 15. Kwa mita ya 1000, taa ya wati 20 itamweka mara 5, ya wati 100 mara 25, na kama kweli ingekuwa ya wati 1,000 ingemweka mara 250. Ikiwa mita yako imeandikwa 1600, taa ya wati 20 itamweka mara 8. Hesabu hii haihitaji fundi. Mtoto wa shule aweza kuifanya, na itamfaa kama somo.

Itakula kiasi gani?

Globu zetu mbili za jumla ya wati 20, zikiwashwa saa 14 kwa siku, hula uniti 0.28 kwa siku, yaani uniti 8.4 kwa mwezi wa siku 30. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la kawaida shilingi 292, kabla ya kodi. Kwa bei hizo ni shilingi 840 kwa wa kundi la kwanza, na shilingi 2,453 hivi kwa wa kundi la pili. Ile ya wati 100 kwa saa hizo hizo hula uniti 42 kwa mwezi.

Tazama basi jambo hili kwa makini, wewe uliye katika kundi la uniti 75. Taa ya wati 100 peke yake itakula zaidi ya nusu ya uniti zako, na ukivuka kiwango hicho unapoteza unafuu kwa friji, pasi na taa zote za nyumba. Hasara hiyo haionekani katika bei ya taa dukani, nayo huendelea kila mwezi. Hata wati 20 ni sehemu ya tisa hivi ya uniti hizo 75; ipigie hesabu kabla hujaziwasha.

Kuna na wale wanaochangia mita moja na wapangaji wenzao. Taa inayowaka mchana kutwa chumbani mwa mtu mmoja haikosi kuzua maneno siku ya kuchanga fedha za umeme. Dawa yake ni kuwaeleza wenzako mapema, uwaonyeshe hesabu ya uniti 8.4, na kuzilipia juu ya mchango wako. Kotimiri isiyolipiwa umeme huwa chungu kwa jirani.

Saa za kuwasha na kuzima

Saa 14 zinazofaa miche ni rahisi kukumbuka: washa saa 12 asubuhi watu wanapoamka, zima saa 2 usiku baada ya chakula. Usiache taa ikiwaka usiku kucha ukidhani unaiharakisha mimea. Nyanya zinazonyimwa giza huanza kugeuka manjano majani. Kotimiri nayo ikipewa mchana mrefu mno, hasa penye joto, huharakisha kutoa maua na kuacha majani. Kwa hiyo ipewe saa 12 tu. Umeme ukikatika siku moja, usihangaike. Sogeza makopo dirishani, miche itavumilia.

Kuhusu usalama, hapana mzaha, kwa kuwa hapa tunaweka maji na umeme meza moja. Taa izimwe kabla ya kumwagilia. Holda isining'inizwe kwa waya wake wa umeme, bali kwa kamba yake mbali. Soketi au ekstensheni ikae juu kuliko makopo, wala isilale sakafuni, na waya uteremke kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda kwake, ili tone la maji lidondoke chini badala ya kuingia ndani. Watoto wadogo wasiachwe na vifaa hivyo peke yao.

Ipi inalipa?

Tukiweka yote katika mizani, majani ya kiungo ya fungu moja moja hayatakufanya tajiri, maana sokoni hupatikana kwa urahisi. Anayeyapanda chini ya taa hulipia ubichi wake na furaha ya kuyachuma, na hilo si kosa mradi alijue. Miche ndiyo inayorudisha gharama. Nyanya hukaa chini ya taa majuma manne hadi sita tu, yaani uniti 8 hadi 12 za umeme kwa miche 25, kisha globu zile zile hurudi sebuleni kuendelea na kazi yake ya siku zote. Hakuna kilichonunuliwa kikakaa bure.

Lakini mche uliokulia ndani haulijui jua. Ukiutoa mara moja na kuupeleka shambani, majani yataungua kwa siku moja, na jasho lote la majuma sita litapotea. Uanze kwa saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10, ndipo uupande, tena jioni.

Kwa muhtasari basi: pima kivuli dirishani, soma lumeni, shusha taa karibu, hesabu uniti, na kuwe na usiku. Anayefanya hayo kwa globu mbili za kawaida atawashinda wengi walionunua taa za fahari. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia udongo wa kujazia makopo: wapi upatikane mjini, na namna ya kuusafisha ili miche isife ingali michanga.